Jumuiya ya wateja si grupu la matangazo

Mwaka jana nilinunua viatu dukani. Muuzaji akaniomba namba ya simu, akasema ni kwa ajili ya risiti. Sijafika nyumbani, simu ikaanza kulia mfululizo: nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na ushee, simjui hata mmoja, na jina la grupu ni "Familia Yetu". Picha za viatu zilimiminika moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemsalimu mwenzake, hakuna aliyeuliza kitu. Usiku uleule mtu aliyeiokota namba yangu humo akanitumia ujumbe wa mkopo ambao sikuuomba. Nikajitoa. Viatu ni vizuri na bado navivaa, lakini dukani pale sijarudi.

Siamini kwamba muuzaji yule alikuwa na nia mbaya. Aliambiwa, kama wanavyoambiwa wafanyabiashara wadogo kila kukicha kwenye semina na video za simu, kwamba siku hizi biashara haikui bila "kujenga jumuiya ya wateja". Alichokosa ni mtu wa kumweleza hiyo jumuiya yenyewe ni kitu gani. Naandika kwa ajili yake na wenzake, kwa sababu nguvu nyingi na pesa za mtaji zinapotea kwenye kitu ambacho kimepewa jina tu.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko umeanzia hapo. Mnunuzi ni mtu aliyelipa mara moja. Mteja ni yule anayerudi. Mteja mwaminifu anarudi hata pale ambapo angeweza kwenda kwingine kwa urahisi, na akikosewa anakuja kukuambia wewe kabla hajawaambia majirani. Mfuasi ni mtu anayetazama unachokiweka mtandaoni. Huenda hajawahi kununua hata pini. Jumuiya ni hatua nyingine kabisa: inapatikana pale wateja wako wanapojuana na kufaana wao kwa wao, na biashara yako ndiyo iliyowakutanisha.

Fikiria basi la abiria. Watu hamsini wamekaa, wote wanatazama mbele, kila mmoja na nauli yake na safari yake. Wana dereva mmoja, lakini hawana habari ya mwenzao wa kiti cha pili. Hao ni wateja. Sasa basi likwame kwenye tope. Wanashuka, wanakunja suruali, mmoja anatafuta mawe, mwingine anamshikia mama mtoto, wanasukuma pamoja. Wakirudi ndani gari zima linaongea. Basi ni lilelile, nauli ni ileile. Kilichoongezeka ni nyuzi kati ya abiria na abiria. Ukitaka kujua kama una jumuiya, usihesabu nyuzi zinazotoka kwako kwenda kwa wateja. Hesabu zile zinazopita kati yao bila kupitia kwako.

Wataalamu wawili wa Marekani, Albert Muniz na Thomas O'Guinn, walichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu jumuiya zinazojengeka kuzunguka bidhaa, wakataja dalili tatu. Ya kwanza, watu wanajiona ni wamoja, wana namna ya kusema "sisi". Ya pili, wana desturi zao. Ya tatu, wanaona wana wajibu kwa mwenzao, kiasi kwamba mgeni akikwama, kuna mtu ataona ni juu yake kumsaidia. Familia Yetu ya viatu haikuwa na hata moja.

Fundi na beseni la maji

Nadharia ikizidi inachosha, kwa hiyo tumchukue fundi baiskeli mwenye banda dogo. Ana wateja wa kawaida: wanaokwenda kazini kwa baiskeli, wanafunzi, wazee wawili watatu wanaofanya mazoezi. Wote wanakuja, wanasubiri, wanalipa, wanaondoka.

Siku moja fundi anawaambia kwamba kila Jumamosi jioni, kwa saa moja, anayetaka aje ajifunze kuziba pancha mwenyewe, bure. Wanakuja watu wanne. Anaipindua baiskeli, tandiko chini magurudumu juu. Anavua tairi, anachomoa tyubu, anaijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaonyeshe tundu lilipo. Anakausha, anapiga msasa, anapaka gundi. Hapo anawazuia. Wengi hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, na kesho yake kimebanduka. Inabidi usubiri dakika chache, mpaka ukiigusa isinate kidoleni. Kisha, kabla ya kurudisha tyubu, anapitisha vidole taratibu ndani ya tairi, anatoa mwiba mdogo kama nywele. "Huyu usipomtoa," anasema, "kesho tunaziba tena."

Swali la kwanza la mtu yeyote wa biashara ni kwamba huyu fundi si anajikata mkono? Ukimfundisha mteja kuziba pancha, pancha zake hutaziona tena. Ni kweli, baadhi hatazipata. Lakini pancha ndiyo kazi yenye faida ndogo kuliko zote bandani kwake. Mtu anayejua kuziba pancha haogopi kwenda mbali, na anayekwenda mbali anamaliza tairi, cheni na breki mapema kuliko anayeishia barabara ya pili. Kazi hizo hazifanyiki na beseni la maji nyumbani. Atazipeleka kwa nani, kama si kwa aliyemfundisha?

Hata hivyo, mabadiliko makubwa yanakuja Jumamosi ya nne au ya tano. Mgeni amefika na tairi gumu, fundi ana mikono ya grisi kwenye kazi nyingine, na mmoja wa wale wanne wa kwanza anainuka bila kuombwa, anamshikia mgeni tairi na kumwonyesha pa kubinya. Uzi wa kwanza kati ya mteja na mteja umefungwa. Baada ya hapo wanaanza kusema "sisi wa Jumamosi". Mtu akisafiri anaazima pampu ya mwenzake. Anayetaka baiskeli ya mtoto anauliza kwanza pale. Fundi hakuwahi kutamka neno jumuiya.

Hesabu ya ndoo inayovuja

Kwa nini haya yote yakuze biashara? Kuna hesabu rahisi ambayo kila mwenye duka anapaswa kuifanya kwa kalamu yake. Chukua biashara yenye wateja 100 wanaorudi. Kila mwezi inapata wapya 10, na kila mwezi inapoteza 10 kati ya kila 100 ilio nao. Mwaka mzima utapita, na mwisho wake wateja ni walewale 100. Mwenyewe ametangaza, ametoa ofa, amechoka, na daftari halijasogea.

Sasa badilisha namba moja tu: wanaoondoka wawe 5 kwa kila 100 badala ya 10. Wapya waache wabaki 10, usiongeze hata tangazo moja. Baada ya miezi 12 utakuwa na wateja kama 146, na ukiendelea hivyo utakaribia 200. Hukuongeza maji kwenye ndoo, umeziba nusu ya tundu.

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa biashara, Frederick Reichheld na Earl Sasser, walichapisha uchambuzi wao maarufu kwamba kampuni ikipunguza wateja wanaoihama kwa asilimia 5, faida yake inaweza kupanda kwa kati ya asilimia 25 na 85, kutegemea aina ya biashara. Takwimu hiyo inatajwa kwenye karibu kila semina, na mara nyingi wanasahau kusema kwamba ilitokana na biashara za huduma kama benki, bima na kadi za mkopo, ambako mteja mpya ana gharama kubwa kumsajili. Usiibebe nzima nzima ukaipachika kwenye banda lako. Mwelekeo ni sahihi. Kiasi chake utakijua kwa daftari lako mwenyewe.

Jumuiya inaziba tundu kwa njia moja ambayo punguzo la bei haliwezi. Mteja aliyeko peke yake akikuhama, anapoteza duka tu. Mteja wa Jumamosi akimhama fundi, anapoteza na watu.

Kadi ya mihuri inafanya nini na haifanyi nini

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko wote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu wengi wakisikia uaminifu wa mteja wanafikiria pointi: nunua mara kumi, ya kumi na moja bure. Pointi zinafanya kazi, sitaki mtu aseme nimezidharau. Watafiti wawili wa masoko, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walionyesha jambo la kuvutia mwaka 2006 kwenye eneo la kuoshea magari. Walitoa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi inayohitaji mihuri 8 ili waoshewe mara moja bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri 10, lakini miwili imeshagongwa. Kila mtu alibakiwa na safari 8 zilezile. Kundi la kwanza, asilimia 19 walimaliza kadi. Kundi la pili, asilimia 34. Mtu akihisi ameshaanza safari, anapenda kuimaliza.

Hiyo ni elimu nzuri, na muuzaji mdogo anaweza kuitumia kesho asubuhi kwa karatasi ngumu na muhuri. Ila angalia kilichojengwa pale: uhusiano kati ya mtu na kadi yake. Kadi ikijaa, hakuna kinachomzuia kwenda kuanza nyingine kwa jirani. Na jirani anaweza kuiga usiku mmoja. Shirika la ndege la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa maili, ambao abiria hukusanya maili anazoruka na kuzawadiwa, tarehe 1 Mei 1981, mshindani wake United alikuwa na mpango wa kwake mwezi huohuo. Kama mashirika ya ndege yanaweza kuigana ndani ya siku chache, kadi ya karatasi itachukua saa ngapi?

Kuna namna ya tatu, kongwe zaidi, ambayo inaunganisha faida ya mfukoni na jumuiya. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi wa kipato kidogo, walichanga wakafungua duka lao. Siku zile wauzaji wengi walikuwa wakichanganya vyakula na vitu visivyofaa na kupunja mizani. Duka lao liliuza vitu safi kwa kipimo cha haki, na ziada iliyopatikana iligawiwa kwa wanachama kulingana na kiasi ambacho kila mmoja amenunua. Mteja alikuwa mwenye duka. Vyama vingi vya ushirika duniani vinahesabu asili yake hapo. Sikuambii ugeuze duka lako kuwa ushirika. Nataka uone kilichotangulia: mizani ya haki ndiyo iliyofanya mgao uwe na maana. Kwenye mizani ya uongo, mgao ungekuwa hongo.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii naipenda na ina ukweli nusu. Nusu ya kweli ni kwamba jumuiya haiwezi kuokoa bidhaa mbovu. Harley-Davidson hutajwa kila mara kwa klabu yake ya waendesha pikipiki, iliyoanzishwa mwaka 1983, ambamo wafanyakazi wa kampuni walisafiri barabarani pamoja na wateja. Wanaosimulia huwa wanaruka kipande muhimu: pikipiki zake za miaka iliyotangulia zilijulikana kwa kuvujisha oili, na katika miaka hiyohiyo ya klabu kampuni ilikuwa inahangaika na ubora, hadi ikatoa injini mpya kwa matoleo ya mwaka 1984. Klabu na injini vilikwenda pamoja. Nusu isiyo kweli ni kudhani kizuri kitawakutanisha watu chenyewe. Hakitawakutanisha. Lazima mtu aweke beseni la maji.

"Mteja mwaminifu hanunui kwingine." Ananunua. Mtafiti wa masoko Andrew Ehrenberg alitumia miongo kadhaa kuchunguza manunuzi ya watu wa kawaida, na picha inayojirudia ni kwamba wanunuzi wengi huzunguka kwenye bidhaa mbili tatu za aina moja. Anayeshikilia moja tu ni adimu. Kwa hiyo ukimwona mteja wako akitoka duka la jirani, usimnunie. Msalimie. Na kuna funzo zito zaidi humo: biashara haiwezi kukua kwa kuwakamua walewale wachache, lazima wageni waendelee kuingia. Jumuiya nzuri ni mlango wa wageni. Ikianza kuwatazama wapya kwa jicho la pembeni, imegeuka kuwa genge, na genge halikuzi biashara.

"Kikundi kikiwa kimya kimekufa." Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye makundi mengi ya mtandaoni, takriban watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeongea karibu yote. Kwa hiyo ukimya wa wengi ni hali ya kawaida, hausemi kwamba wamechukia. Kinachoua ni muuzaji kuuogopa ukimya huo akaujaza kwa matangazo kumi kwa siku.

"Grupu likiwa kubwa ndiyo nguvu." Grupu la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Watu 1,024 hawawezi kujuana. Wale wanne wa fundi walikuwa na thamani kubwa kuliko idadi yoyote ya namba zilizookotwa, kwa sababu kila mmoja alijua akikosekana ataulizwa. Na tafadhali, hili nalisema kwa uchungu wa yaliyonipata: kwenye grupu la kawaida kila aliyemo anaiona namba ya mwenzake. Ukimwingiza mteja bila kumuuliza, umechukua kitu chake ukakigawa kwa watu asiowajua. Nchi nyingi sasa zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, lakini hata pasipo sheria, adabu inatosha. Kama una tangazo tu la kutoa, tumia orodha ya matangazo, ambamo kila mtu anapokea peke yake. Na hiyo humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu. Hilo lenyewe ni kipimo. Ukiona ujumbe hauwafikii wengi, ujue hawajaona sababu ya kukuhifadhi.

Malalamiko mbele za watu

Wafanyabiashara wengi wanaogopa kukutanisha wateja kwa sababu moja ambayo hawaisemi: wakikutana watasemana, na kosa la mmoja litajulikana kwa wote. Hofu hiyo ina msingi. Lakini angalia linavyokwenda likishughulikiwa vizuri. Mteja anaandika kwenye grupu, mbele ya wote, kwamba kiraka alichowekewa jana kimebanduka. Fundi ana njia tatu. Anaweza kufuta ujumbe, na kila aliyeusoma atajua umefutwa. Anaweza kubishana kwamba labda umekanyaga msumari mwingine, na huenda ni kweli, lakini ameshajitetea kabla ya kuangalia. Au anaandika: "Pole sana. Lete leo nitazame, na kama ni kazi yangu narudia bila malipo." Halafu akishaona, anarudi palepale walipo wote kueleza alichokuta.

Mstari huo wa mwisho ndio unaosahaulika. Ukikosekana, kosa limesemwa hadharani na suluhisho limemalizwa faraghani, kwa hiyo wengine wamebaki na nusu ya hadithi, tena nusu mbaya.

Pa kuanzia

Sina orodha ndefu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja vilevile. Kabla ya kufungua grupu lolote, chukua daftari uandike wateja ishirini unaowajua kwa majina, mara ya mwisho walikuja lini, na wanachohangaika nacho. Nenda chini ya orodha uone ni shida gani inajirudia kwa wengi. Shida hiyo ndiyo beseni lako. Anayeuza mbegu atakuta watu wanasumbuliwa na wadudu walewale. Anayeshona atakuta watu hawajui kupima urefu wa mkono. Anayeuza vitabu atakuta watu wamesoma na hawana wa kuzungumza naye.

Kisha waite wachache, uso kwa uso kama inawezekana, kwa ajili ya shida hiyo na si kwa ajili ya kuuza. Siku na saa zisibadilikebadilike, kwa sababu desturi inataka kurudiarudia. Grupu la simu lije baadaye, wakilitaka wao, na aingie aliyekubali. Ukifika hapo jifunze kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye biashara, nayo ni kukaa kimya kidogo. Mtu akiuliza, subiri hata saa nzima kabla ya kujibu. Kila swali unalolijibu upesi unamnyima mwingine nafasi ya kumfaa mwenzake.

Kupima kama inakwenda si kazi ya kompyuta. Mara moja kwa mwezi, rudi kwenye daftari: kati ya wale ishirini, wangapi wamerudi? Wapya waliokuja wameletwa na nani? Na maswali ya mwezi huu, mangapi yalijibiwa na mtu mwingine kabla yako?

Kwa fundi wetu jibu lilikuja usiku. Saa nne mtu aliandika kwenye grupu lao kwamba cheni imekatika na alfajiri ana safari ya kazini. Fundi alikuwa amelala. Wa kwanza akamuuliza imekatikia wapi, apige picha. Wa pili akamwelekeza namna ya kutoa pingili iliyoharibika na kuunganisha iliyobaki, ifupike lakini imfikishe, na asiitie gia nzito. Wa tatu anakaa mtaa wa pili, akampelekea kifaa cha kutolea pini. Fundi aliamka akakuta ujumbe arobaini na mmoja, akasoma mpaka mwisho, na saa mbili asubuhi baiskeli ikawa mlangoni kwake ikisubiri cheni mpya.